Likizo hii watoto wa Dar wapelekwe kambi ya wanyamapori, na wapewe kazi kweli

Wazazi wenzangu wa Dar, hizi likizo za mwezi wa sita na Desemba tunazipoteza. Shule ikifungwa Ijumaa, Jumatatu mtoto yuko tuisheni, jioni simu, na yule ambaye kwao kuna nafasi kidogo atapandishwa basi aende Mikumi, amuone tembo kupitia dirishani, apige picha, usiku karudi kalala. Kwenda Mikumi ni vizuri na waende tu, ila huko ni kutembea, mimi naongelea kambi, yaani mtoto alale huko siku kadhaa, aamke alfajiri, apewe kazi ambayo asipoifanya yeye inabaki imelala.

Na wala si lazima twende mbali. Watu wengi wa mjini hawajui kwamba Kigamboni, kule Kimbiji na kuendelea kusini, kasa wanapanda ufukweni kutaga. Kasa uziwa anachimba usiku, anaacha mayai mia na zaidi, anafukia, anarudi zake baharini na hana habari nayo tena. Yanakaa mchangani kama miezi miwili, na joto la mchanga ndo linaamua jinsia, ukiwa wa moto zaidi majike wanakuwa wengi. Sasa watoto wakishatoka, wahifadhi wanakuja kukichimbua kile kiota kwa mikono, taratibu, maganda wanayapanga pembeni mafungu mafungu, yaliyoanguliwa huku, mayai yaliyoharibika kule, yale ambayo kitoto kilianza kuumbika kikafia ndani yanawekwa peke yake, na kuna wakati chini kabisa wanakuta kimoja kizima kimenasa, bado kinapiga mapezi. Kuhesabu na kuandika hayo mtoto wa darasa la sita anaweza kabisa akisimamiwa, na zile asilimia anazozikimbia darasani atazipiga pale pale mchangani bila kusukumwa.

Ila afundishwe na kukaa mbali pia. Vitoto vya kasa vikitoka usiku vinafuata upande wenye mwanga, ambao kwa asili ni baharini, kwa hiyo tochi na taa za mahoteli zinavipoteza vinaelekea nchi kavu. Hapo simu zote zizimwe, na hakuna kuvibeba, vinatakiwa vijikokote vyenyewe mpaka majini. Kambi inayompa kila mtoto kasa mkononi apige selfi, mimi wa kwangu haendi hata iwe bure.

Kinachoniuma ni bei. Nimeona tangazo la kambi moja bei imeandikwa kwa dola, hapo mzazi wa Buza au Mbagala ameshafungiwa mlango kabla hajauliza chochote. Na hii kitu haikuanza hivyo jamani. Roots & Shoots ya Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe, mpango wa vijana wa kutunza mazingira ambao leo uko nchi nyingi duniani, ulianzia hapa hapa Dar mwaka 1991, na wanafunzi 12 waliokutana nyumbani kwake wakiongelea mambo wanayoyaona yanaharibika kwenye mazingira yao. Haukuhitaji hoteli.

Au chukua Pugu-Kazimzumbwi, kule Kisarawe, unafika kwa daladala. Msitu ule una komba wanaolia usiku, una sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza kwenye majani makavu, na una makovu ya wachoma mkaa, na mkaa wenyewe tunaupikia sisi huku mjini. Kijana apande miche, halafu likizo inayofuata arudi aangalie ipi imeshika na ipi imekufa na kwa nini, maana kupanda kila mtu anapanda, kurudi ndo shida.

Nyoka? Wapo, ndo maana kuna buti na kuna askari wa misitu wanaoijua kila njia. Mabinti wawe na walezi wa kike usiku kucha, hilo sina mjadala nalo.

Gharama zinapungua tukitumia vilivyopo. Madarasa ya shule za msingi za Kimbiji na Kisarawe yanabaki matupu likizo nzima, magodoro yanakodishwa, mama lishe wa pale pale wapike wali maharage na samaki, na wavuvi wazee wanaojua kasa anapandia wapi walipwe kama walimu, sio kupewa soda. Halmashauri zifungue hayo madarasa kuanzia Desemba hii, na watoto wa vijiji vyenyewe wawe nusu ya kambi bila kulipa kitu.