Filamu: kalamu ingoje kidogo

Mabarazani Lamu, ubishi wa filamu huishia pale pale: tuifurahie au tuihakiki? Mmoja amefurahi hadi machozi, mwenziwe aliyezoea kuhakiki anamuuliza: "Na lile dau hukuliona?" Steringi alipouliza swali dau lilikuwa likielea, binti alipojibu limekaa juu ya matope. Kumbe mazungumzo ya dakika mbili yalipigwa picha tangu maji yamejaa hadi yakapwa, kama saa sita hivi, na mhariri akaunga vipande bila kuitazama bahari. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, kosa hilo halimfichiki mtu wa hapa.

Mhakiki ana haki yake. Kasoro kama hizo zisiposemwa, watengenezaji wetu watazirudia, pamoja na ile ya maikrofoni isiyovishwa manyoya ya kukinga upepo wakati wa kusi, upepo ukameza maneno yote. Tena raha hudanganya. Muziki ukipanda, tunasamehe hadithi isiyo na kichwa wala miguu. Onyesho lililokuliza litazame tena bila sauti. Ukiona uso wa mchezaji hausemi kitu, basi kilichokuliza ni fidla.

Hadi hapo sina ubishi. Siwafuati wahakiki wanapoihesabu raha kuwa ya mtu asiyejua kutazama, wakaingia na daftari tangu mwanzo.

Tufanye hesabu. Filamu ya kawaida hupitisha fremu 24 kwa sekunde. Kuandika maneno mawili matatu gizani, macho yashuke kisha yapande, tuseme ni sekunde 4: fremu 96 zimekwenda. Fanya hivyo mara 40, umekosa dakika 2 na sekunde 40. Katika dakika 90 utasema si kitu. Lakini hakuna aandikaye pasipo na jambo. Mtu huandika palipomgusa, na lenye uzito mara nyingi hufuata papo hapo: si mdomo wa aliyesema, ni jicho la aliyeambiwa. Kwenye mapigano, picha zikikatwa kila sekunde mbili, kila unapoinamia daftari picha mbili zimekupita. Na huyo huyo ndiye atakayeandika kuwa hadithi haikushikana!

Kwa pwani hii, kusema mpenda raha hatazami kwa makini ni ajabu zaidi. Juma Bhalo, mzaliwa wa Malindi, alisifika kwa kuimba taarabu kwa mahadhi ya nyimbo za filamu za Kihindi. Mahadhi yale hayakutungwa kwa mizani minane kwa minane ya mashairi yetu. Ili maneno ya Kiswahili yakae humo, lazima ujue mwimbaji amevuta wapi, pumzi ameikata wapi, na kina kitue wapi. Usikivu wa namna hiyo huja kwa kurudia, na nani hurudia lisilompendeza?

Anayetaka yote mawili aitazame filamu mara ya kwanza bila kalamu, mpaka mwisho. Ikiisha, kabla hajasikia maneno ya mtu, aandike mambo matano yaliyobaki kichwani. Kesho yake arudie onyesho alilolipenda, rimoti mkononi: ahesabu mikato ya picha ndani ya dakika tatu, aangalie kamera imewekwa usawa wa macho ya nani, asikilize kama muziki unaanza kabla ya uso kubadilika au baada yake. Ukianza kabla, yaelekea mwongozaji hakumwamini mchezaji wake.

Na dau litaonekana tu mara hii. Lakini ikiwa jana lilikupita machoni, wewe mtu wa bahari, la kuandika kabla ya kosa lenyewe ni hili: binti yule alijibu nini, na kwa sauti gani, hata usiyaone matope?