Usimwage jedwali zima kwenye JSON

Siku hizi kutoa rekodi kwenye databesi zikiwa JSON, yaani maandishi yaliyopangwa ambayo programu hutumia kupelekeana data, ni kazi ya mstari mmoja. Databesi ya PostgreSQL ina row_to_json ya kufanya hivyo tangu mwaka 2012, nayo databesi ya SQL Server ikaongeza FOR JSON kwenye toleo la 2016. Urahisi huo ndio unaotuponza. Mtu anaandika SELECT *, yaani nipe safu (column) zote za jedwali, anafungasha kila safu na kuituma, kazi imekwisha. Baadaye mteja mdadisi wa duka la mtandaoni anachungulia data iliyofika kwenye kivinjari chake, anakuta bei uliyonunulia mzigo imekaa kando ya bei unayomuuzia. Taja safu moja moja, hata kama zipo 40.

Linaloniudhi zaidi ni tarehe, kwa sababu JSON haina aina ya data ya tarehe. Kila mtu huiandika kama maandishi, kwa mtindo wake. Chukua ankara iliyotolewa Dar es Salaam saa sita na nusu usiku wa kuamkia 1 Julai 2024. Seva inayotumia saa za UTC, zilizo nyuma ya za hapa kwa saa tatu, itatoa 2024-06-30T21:30:00Z, na haijakosea. Ila programu inayopokea ikikata herufi 10 za mwanzo tu, mauzo ya Julai yanaingia kwenye ritani ya VAT ya Juni. Mhasibu atahangaika na tofauti hiyo wiki nzima, na lawama zote atapewa yeye. Kama ni siku ya ankara inayohitajika, tuma siku hiyo kwa saa za hapa, bila saa wala dakika.

Namba nazo zina visa vyake. JavaScript, lugha ya programu za kwenye kivinjari, haina uhakika na namba kamili inayozidi 9007199254740991, kwa hiyo namba ya muamala yenye tarakimu 18 inaweza kufika imebadilika mkiani. Namba ya simu inayoanza na sifuri ndiyo kabisa: JSON hairuhusi namba ya namna hiyo. Kwangu mimi, kisichojumlishwa ni maandishi. Hata bei hutuma kama "118000.00", na wanaobisha wabishe.

Halafu kuna NULL, yaani pasipo na thamani. FOR JSON, usipoongeza INCLUDE_NULL_VALUES, huiruka kimyakimya safu isiyo na thamani. Umemfutia mteja kikomo cha mkopo kwenye mfumo wa uhasibu. Kwa kuwa safu hiyo haikufika, mfumo wa mauzo haujaona badiliko lolote, unaendelea kumkopesha kwa kikomo cha zamani.