Kuloweka si kutosa

Sentensi ya kwanza ya Kifaransa aliyoileta binti yangu nyumbani ilihusu choo. Ilikuwa wiki yake ya pili darasa la kwanza, hapa Ottawa, Kanada, tuko mezani tunakula wali na maharage. Akanyoosha mkono juu kama yuko darasani, akasema kwa pumzi moja: "Madame, est-ce que je peux aller aux toilettes?" Nikamwuliza neno moja moja, hili maana yake nini, na hili je? Hakujua hata moja. Alichojua ni kwamba ukiitamka yote bila kukatika, unaruhusiwa kwenda.

Wazazi wenzangu wananiambia wa kwao nao walianza na hiyo hiyo. Na ukiitazama vizuri, ni mwanzo wa maana kuliko ule wetu wa kuimba "mimi ni, wewe ni, yeye ni" mpaka kengele inalia. Mtoto kabanwa, lugha inamfungulia mlango. Neno kama hilo halisahauliki.

Darasa lake ni lile wanaloliita immersion, yaani kuzamisha. Mtoto ambaye nyumbani hawasemi Kifaransa anaanza chekechea au darasa la kwanza, na hesabu, nyimbo, hadithi, kuchora, hata kugombezwa, karibu vyote ni kwa Kifaransa. Kusoma kwenyewe anaanza na Kifaransa. Somo la Kiingereza linakuja baadaye, darasa la pili, la tatu au la nne, inategemea bodi ya shule. Jina hilo la kuzamisha silipendi. Mtu aliyekulia Tanga ukimwambia mtoto kazamishwa, swali lake la kwanza ni kaopolewa wapi. Mimi naita kuloweka. Mchele wa vitumbua unalowekwa usiku kucha. Asubuhi ukiutia kwenye mashine unasagika wenyewe. Ukiusaga mkavu, unakula mchanga.

Chanzo chake ni kina mama wachache wa Saint-Lambert, kitongoji kilicho ng'ambo ya mto kutoka Montreal. Wao ni wasemaji wa Kiingereza wanaoishi Quebec, jimbo la Kanada ambako wengi husema Kifaransa, watoto wao wanasoma Kifaransa shuleni mwaka hadi mwaka na bado hawawezi kuzungumza na jirani. Olga Melikoff, Murielle Parkes na Valerie Neale walibisha hodi kwa wakubwa wa shule mpaka wakapewa darasa moja la chekechea la majaribio, Septemba 1965, watoto 26. Wallace Lambert wa Chuo Kikuu cha McGill na wenzake wakawafuatilia watoto wale darasa kwa darasa. Watu waliogopa Kiingereza cha watoto kingekufa. Hakikufa. Katika kusoma na kuandika walibaki nyuma kidogo mwanzoni, na somo la Kiingereza lilipoanza wakawafikia wenzao. Leo wanafunzi wa madarasa ya namna hii Kanada wanapita laki nne.

Lakini kuna kipande cha habari ile ambacho watu hawakitaji, nami ndicho kilichonifanya nikae chini niandike. Mwaka ule wa kwanza watoto waliruhusiwa kusema Kiingereza. Mtoto anauliza kwa Kiingereza, mwalimu anamwelewa, anamjibu kwa Kifaransa. Hakuna kibao cha adhabu shingoni, hakuna faini. Mtoto anasikia kwanza, miezi kadhaa, na kusema kunakuja kwa wakati wake.

Nimeliona kwa macho yangu. Alhamisi asubuhi huwa naenda kujitolea darasani, na kazi yangu kubwa kuanzia Novemba ni kuwavisha watoto nguo za theluji. Asiyewahi kuishi na theluji hajui mtihani huu. Watoto ishirini na kitu kwenye ukumbi mwembamba, kila mmoja na buti, suruali nene ya theluji, koti, kofia na glavu, na dakika za mapumziko zinayeyuka. Mwalimu anasimama mlangoni anaimba amri zilezile kila siku: "D'abord le pantalon de neige. Ensuite les bottes. Puis le manteau. La tuque. Et les mitaines en dernier!" Glavu mwisho, jamani, glavu mwisho.

Siku moja kijana mmoja kavaa glavu kwanza. Koti liko wazi, zipu inaning'inia, vidole vimekuwa kama ndizi mzuzu. Mwalimu hakumkemea. Akainama, akamwuliza kwa Kifaransa: koti lako utalifunga na nini? Mtoto akatazama glavu zake, akacheka, akasema kwa Kiingereza, "Zipu yangu!" Mwalimu akafurahi kama kapewa zawadi: "Oui! Ta fermeture éclair!" Akamshika mkono wakaifunga pamoja, akimrudia lile neno taratibu, fermeture éclair, fermeture éclair, mpaka ilipofika kidevuni. Alhamisi iliyofuata nilimsikia kijana yule akimwambia mwenzake kwa ukali kabisa, "Les mitaines en dernier!" Hakuna mtu aliyemwandikia ubaoni. Baridi ndiyo iliyomfundisha.

Nikirudi nyuma kidogo: nusura binti yangu asiingie darasa hili. Siku ya kumwandikisha, mama mmoja ofisini, mpole, kikombe cha kahawa mkononi, aliposikia nyumbani tunasema Kiswahili alinishauri nimpeleke darasa la Kiingereza tu. Lugha tatu zitamchanganya, akasema. Kiingereza kwanza kikae sawa. Nilitoka pale nikiwa nimeshakubali. Usiku nikakumbuka kwamba bibi yake Tanga anasema Kiswahili na Kisambaa, anasali kwa Kiarabu, na sijawahi kumwona kachanganyikiwa ila siku mkaa ulipopanda bei. Kesho yake nikarudi nikajaza fomu.

Na Kiswahili kimemsaidia kwa njia ambazo yule mama wa kahawa asingeweza kuzijua. Watoto wengi wa darasa hili wakiulizwa umri wanasema "Je suis six ans," mimi ni miaka sita, kwa sababu Kiingereza chao ndivyo kisemavyo. Kifaransa kinataka "j'ai six ans". Nina miaka sita! Binti yangu naye alianza na kosa lile la wenzake, nami nikamwambia, mwanangu, hapa usiende kupitia Kiingereza, njia ya kwetu ni fupi zaidi. Alisimama akafikiri. Hajarudia tena, au akirudia anajishika mdomo.

Kuna siku alikwama kwenye "la petite chaise verte", kiti kidogo cha kijani. Kwa nini verte na si vert? Mtoto wa Kiingereza unamwambia kiti ni cha kike, anakushangaa. Mimi nikamwuliza: unasema kiti mdogo? "Hapana, kidogo." Vikiwa viwili? "Viti vidogo." Nani alikufundisha? Hakuna. Basi chaise nacho kinataka vyake. Akasema "Aaa," ile aaa ndefu ya mtu aliyefungua kopo, akaendelea kupaka rangi. Sisi tuna ngeli zaidi ya nusu dazeni, Wafaransa wanahangaika na mbili.

Anaponishinda ni kwenye kusoma. Kiswahili kinasomeka kama kilivyoandikwa, nami nimezoea hivyo. Nikasoma kwa kujiamini "ils mangent", nikalitamka mpaka lile "t" la mwisho. Akaziba macho kwa aibu yangu. "Mama, hizo tatu za mwisho zimelala." Nikamwuliza kama zimelala kwa nini wasizifute, karatasi ipumue? Akasema atamwuliza Madame.

Sasa nisiwadanganye kwamba mambo yote ni asali. Jirani yangu mmoja ametoka Bukavu, Kongo, Kifaransa amekisoma tangu utoto, watoto wake wako shule za Kifaransa zenyewe, zile zinazolindwa na katiba ya 1982 kwa ajili ya Wakanada wa lugha hiyo. Ni bodi nyingine, shule nyingine kabisa. Wageni wengi wanazichanganya hizo na darasa la kulowekwa, wanajaza fomu siyo. Siku alipomsikia binti yangu akimsimulia mwanawe wikiendi yetu, "J'ai allé au parc," badala ya "je suis allée", nilienda, alicheka mpaka akashika ukuta. "Dada, mutoto yako anasemaka Kifaransa ya Kingereza."

Kweli tupu. Watafiti wamelisema tangu miaka ya 1980, Merrill Swain akiwa mbele: watoto hawa masikio yao yanawakaribia wenyeji wa lugha, lakini midomo na kalamu vinabaki nyuma. Sababu unaiona ukisimama uwanjani wakati wa mapumziko. Mlango ukifunguka tu, Kifaransa kinabaki ndani pamoja na mabegi. Wanacheza kwa Kiingereza, wanagombana kwa Kiingereza, wanapatana kwa Kiingereza. Kifaransa ni lugha ya Madame. Mtoto anasikia lugha kutwa nzima, lakini anaisema kwa sentensi fupi za kujibu, na kosa la sentensi fupi likieleweka halina wa kulisumbukia. Binti yangu amejifunza mengi zaidi mchana mmoja wa Jumamosi kwa yule mama wa Bukavu, akisukuma chapati na wanawe, kuliko wiki nzima ya nyimbo. Pale alilazimika kudai zamu yake.

Na kuna lingine linaloniuma. Katika shule nyingi zenye mikondo miwili, ukichungulia madarasa utaona upande wa Kifaransa una watoto wachache wenye matatizo ya kujifunza na wageni wachache kuliko upande wa Kiingereza. Hakuna sheria inayowazuia. Ni ushauri wa upole wa watu wenye vikombe vya kahawa, na wazazi wanaojua mapema tarehe ya kujaza fomu. Sisi tunasikia tarehe ikishapita. Kwa hiyo ukisoma hapa na una mtoto wa miaka minne Kanada, piga simu bodi ya shule wiki hii.

Lakini ninachokifikiria zaidi usiku ni kwetu. Nilimaliza darasa la saba kwa Kiswahili, nikijua usanisinuru na mfumo wa mmeng'enyo wa chakula kama kiganja changu. Januari nikaingia kidato cha kwanza, na asubuhi moja kila kitu kikawa Kiingereza. Mwalimu wa baiolojia aliandika ubao mzima, tukanakili ubao mzima, hata nukta. Mwanafunzi mwenzangu mmoja, aliyekuwa wa kwanza darasani kwetu miaka saba, hakusema neno mpaka Juni. Walimu walisema amekuwa mzito. Mzito wapi! Alikuwa anaogopa kuchekwa. Na ukutani kibao: marufuku Kiswahili hapa. Majirani zetu Kenya walikuwa na kile kidude cha kuvalishwa shingoni aliyeponyoka neno la nyumbani, anatembea nacho mpaka amkamate mwingine.

Watetezi wa shule za Kiingereza tupu wananijibu: si ndiyo hiyo hiyo ya Kanada? Watoto wanatiwa kwenye lugha ngeni, wanaibuka wanaogelea. Hapana. Hiyo ni kutosa. Huku mwalimu anaisema lugha ngeni vizuri kabisa na lugha kubwa ya watoto anaielewa. Kule kwetu mwalimu mwenyewe mara nyingi anatafuta neno na ubao umemtazama. Huku kosa la mtoto linarudishiwa neno sahihi na tabasamu. Kule linapata kicheko au fimbo. Huku lugha ya nyumbani ya wengi ina heshima yake dukani, kwenye televisheni, bungeni, na baada ya miaka miwili mitatu inaingia darasani kama somo. Kule Kiswahili ndicho kinachoshtakiwa, ndani ya nchi yake. Tumeichukua lugha ngeni, tukaacha uvumilivu, kisha tunashangaa vijana wanafika kidato cha nne midomo imefungwa.

Sisemi Kiingereza kisifundishwe. Nataka kifundishwe na anayekijua, mapema, kwa glavu na zipu, na Kiswahili kiendelee kubeba hesabu na sayansi mpaka mtoto awe na miguu miwili ya kusimamia. Mwenye hoja nyingine aniletee, nitamsikiliza, ila asije na ile ya kibao shingoni.

Jumamosi iliyopita tulimpigia bibi simu. Huku asubuhi, kule jioni, nasikia kwa mbali adhana na kelele za kuku. Binti akaamkia, "Shikamoo bibi," akaitikiwa marahaba na dua ndefu. Kisha bibi akataka asikie hicho Kifaransa tunachojisifia. Mtoto akajikunja, akatazama dari, maneno yote ya mwaka mzima yakamkimbia. Mwisho akanyoosha mkono juu na kusema ile ya kwanza, pumzi moja, bila kukatika.

"Amesema nini mjukuu wangu?"

"Anaomba ruhusa ya kwenda msalani, mama."

"Sasa unamwekea nini kwenye simu?" bibi akafoka. "Mwache mtoto aende!"