Rock haijafa, imehama redioni tu
Aisee mwandishi, kwenye makala yako hapo unaposema rock imekufa mi nakataa. Niko Sakina, Arusha, mji wa hiphop tangu enzi za kundi la X Plastaz, machalii wananishangaa nikiweka magitaa lakini sijali. Na habari zenyewe umeziruka, Pitchfork, tovuti inayochambua albamu za indie, yaani wasanii wasio chini ya lebo kubwa, Januari 2024 wakaingizwa chini ya GQ, jarida la mitindo ya wanaume jamani, nayo Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki, ilinunuliwa na Epic Games, kampuni ya magemu, 2022, mwaka uliofuata ikauzwa tena kwa Songtradr, kampuni ya leseni za muziki, na karibu nusu ya wafanyakazi wakaachwa nje, sasa hapo ndo pa kulia maana wasanii wadogo wanauzia pale.

Steve Albini pia, fundi wa kurekodi rock, kafariki Mei 2024, hata mstari mmoja hujampa!! Jamaa aliwarekodi bendi ya Nirvana 1993 akakataa mrabaha wa mauzo, akataka alipwe kama fundi bomba, kazi imeisha hela yake basi.

Ukitaka podikasti ya muziki, anza na Song Exploder ya Hrishikesh Hirway, msanii anaufumua wimbo wake kipande kipande, ngoma peke yake, besi peke yake, tamu sana kwa hedifoni. Bando tu ndo linauma, mi nashusha usiku.