Ukaguzi wa makao ya wazee uanzie kitandani, si ofisini

Ukaguzi uliotangazwa wiki moja kabla hauoni kitu. Mashuka mapya hutolewa stoo, ua hufagiwa, wazee huogeshwa mapema na kuvishwa nguo za sikukuu, na wageni hupokelewa ofisini wasaini kitabu na kusomewa taarifa ya makao. Halafu huja mchele, sabuni, sukari na picha ya pamoja. Wazee wanahitaji mchele na sabuni, na anayeleta anafanya jambo jema. Lakini hiyo ni ziara. Tukiita ziara ukaguzi, bibi mwenye kidonda mgongoni atabaki nacho na taarifa itasema hali ni ya kuridhisha.

Tanzania tuna makazi ya wazee ya Serikali yanayojulikana: Nunge kule Kigamboni, Fungafunga Morogoro, Kolandoto Shinyanga, Bukumbi wilayani Misungwi, na Sebleni na Welezo kwa upande wa Zanzibar. Yako pia mengi yanayoendeshwa na mashirika ya dini. Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu 2003, na maneno yake kuhusu utu na matunzo ni mazuri. Maneno hayo hupimwa chumbani, saa ambayo hakuna mgeni anayetegemewa.

Msimamo wangu ni huu: mkaguzi afike bila taarifa, na safari moja kati ya mbili aifanye saa 11 alfajiri au saa 2 usiku. Mchana kila makao yana watu: mpishi, mfua nguo, afisa ustawi wa jamii, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Usiku hubaki mhudumu mmoja na mlinzi wa getini. Hesabu walio zamu kwa macho, kisha ndipo uombe ratiba ya zamu ulinganishe. Uliza ni wazee wangapi hawawezi kugeuka wenyewe kitandani. Kumgeuza mzee mzito bila kumburuta kunataka watu wawili. Mmoja akijaribu peke yake atamvuta kwenye shuka, na ngozi ya uzeeni, iliyo nyembamba kama ganda la kitunguu, huchubuka hapohapo. Makao yenye watu wanne wa namna hiyo na mhudumu mmoja wa usiku tayari yana vidonda, hata kama hujaviona bado.

Vitafute basi. Piga hodi, amkia, jitambulishe, omba ruhusa, na kama ni bibi, mhudumu wa kike ndiye afunue. Angalia sehemu ambazo mfupa uko karibu na ngozi: chini ya mgongo juu ya makalio, visigino, nyonga, viwiko, mabega, nyuma ya kichwa na masikio. Vitabu vingi hufundisha kutafuta wekundu usiopotea ukibonyeza kwa kidole. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Tafuta mahali palipokoza weusi au zambarau kuliko pembeni, pana joto au baridi tofauti, pamekuwa pagumu, au panabonyea kama embe lililoiva kupita kiasi. Paguse kwa mgongo wa vidole. Hapo kidonda kimeshaanza ndani hata kama ngozi haijapasuka, na ndipo mahali pekee kinapozuilika kwa gharama ndogo: kumwondoa mzee kwenye upande huo, na mto chini ya shavu la mguu ili kisigino kielee hewani. Ukiona wahudumu wanasugua mahali hapo kwa mafuta au wamemkalisha kwenye mpira wa duara wenye tundu, andika. Wanafanya kwa huruma, ila kusugua huharibu nyama iliyokwisha kubanwa, na ule mpira hubana damu pande zote za tundu.

Kisha soma daftari la kugeuza. Makao mengi hugeuza kila saa mbili, au hudai hivyo. Ikiwa limeandikwa kwamba saa 10 alfajiri bibi alilazwa ubavu wa kushoto, na wewe umeingia saa 11, anapaswa kuwa ubavu wa kushoto. Ukimkuta chali, shuka limelowa mpaka kwenye mpira wa godoro na pembezoni pana duara kavu la njano, huo mkojo si wa saa moja. Saini ya saa 10 iliwekwa jioni, pamoja na ya saa 2, saa 4, saa 6 na saa 8, kwa kalamu ileile.

Kwenye chakula watu huuliza menyu. Menyu iliyobandikwa ukutani haina kosa popote nchini. Uliza saa. Mahali pengi mpishi hutaka kurudi kwake kabla ya giza, kwa hiyo chakula cha jioni huliwa saa 11 na uji wa asubuhi hufika saa 3. Hizo ni saa 16 tumboni bila kitu. Kanuni za Marekani za nyumba za kuuguza wazee huweka ukomo wa saa 14, na huruhusu 16 tu pale ambapo kabla ya kulala kuna kitu cha kula chenye maana. Sasa mweke hapo babu mwenye kisukari anayemeza glibenklamidi kila jioni. Dawa hiyo hushusha sukari hata asipokula, na kwa wazee athari yake hukaa muda mrefu. Asubuhi atakutwa ametota jasho, anaongea maneno yasiyoeleweka, na watu watasema uzee umemzidi. Kikombe cha uji saa 3 usiku kingesaidia. Kwa hiyo swali kwa mfawidhi ni moja: nani ana ufunguo wa jiko baada ya mpishi kuondoka?

Mizani nayo isisahaulike. Ulizia daftari la uzito, na usiridhike na uzito wa mwezi huu. Chukua wa miezi mitatu iliyopita. Bibi aliyekuwa kilo 52 Januari na sasa Aprili ana kilo 48 amepoteza karibu asilimia 8. Kupoteza zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi mitatu hadi sita, bila kukusudia, tayari ni hatari. Zaidi ya 10 ni hatari kubwa. Kwa asiyeweza kusimama kwenye mizani, tumia utepe kupima mzingo wa mkono, katikati ya bega na kiwiko: chini ya sentimeta 23.5 humaanisha kwamba huenda amekonda kupita kiasi na anahitaji kufuatiliwa. Halafu kaa naye anapokula. Mara nyingi chakula kipo, tena kingi, ila hakifiki tumboni. Ugali umekuwa mgumu na meno hayapo. Dagaa wana mifupa. Vidole vimepindika kwa baridi yabisi au viliharibiwa na ukoma (baadhi ya makazi haya, Nunge likiwamo, yamewatunza watu walioathiriwa na ukoma kwa miaka mingi) na hakuna aliyefikiria kumpa kijiko chenye mpini mnene uliozungushiwa kitambaa. Kumlisha mzee anayemeza polepole huchukua nusu saa. Wakiwa kumi na wahudumu ni wawili, wa mwisho anaanza kula baada ya saa mbili, chakula kikiwa kimeganda.

Naliweka choo na maji ya kunywa pamoja kwa sababu hayatenganishwi. Mkaguzi akiona jagi limejaa kando ya kitanda huweka alama ya vema. Jagi lililojaa saa 10 jioni maana yake halijanywewa. Bibi hanywi kwa sababu akinywa ataamka usiku, na choo kiko mita 30, nje, ngazi mbili, bila taa, na ni cha kuchuchumaa bila chuma cha kushika. Alishawahi kuteleza, au alimwona mwenzake akiteleza. Kwa hiyo amejikata maji mwenyewe kuanzia alasiri. Mtu mzima wa umri huo anahitaji vinywaji vya lita 1.6 kwa siku akiwa mwanamke, lita 2 akiwa mwanamume; yeye anapata vikombe viwili vya chai. Baada ya wiki chache choo kikubwa kinafunga, mkojo unakuwa mweusi na kuchoma, kichwa kinavurugika, anainuka usiku akiyumba na anaanguka. Kwenye rejista itaandikwa “ameanguka”. Mkaguzi akiishia hapo atapendekeza semina kuhusu kuanguka. Kinachotakiwa ni balbu, bomba la chuma lililofungwa ukutani usawa wa nyonga, kiti chenye tundu na ndoo ya kifuniko chumbani, na mtu wa kuimwaga alfajiri. Tembea njia hiyo mwenyewe usiku, kutoka kitandani mpaka chooni, bila tochi.

Dawa zihesabiwe kidonge kwa kidonge, kwa wazee watatu uliowachagua wewe. Babu alipokea vidonge 60 vya metformini, dawa ya kisukari, tarehe 1, akaanza siku hiyo, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Tarehe 11 asubuhi, kabla ya dozi, vinapaswa kubaki 40. Vikiwa 48 na rejista imejaa vema kila siku, kuna siku nne hakumeza. Angalia kama ndani yake mna Jumamosi na Jumapili, siku ambazo muuguzi hayupo. Vikiwa 30, uliza nani mwingine dawa zake ziliisha, kwa sababu kuazimana vidonge kati ya wazee ni jambo la kawaida na hufanywa kwa nia njema. Tazama pia kama wazee wengi wamelala fofofo saa 5 asubuhi. Dawa ya usingizi isiwe badala ya mhudumu wa usiku.

Kuongea na wazee kunataka subira. “Mnahudumiwa vizuri?” mbele ya mfawidhi huzaa jibu moja tu. Wengi hawana pa kwenda. Kanda ya Ziwa wapo waliofika wakikimbia tuhuma za uchawi, na hawatahatarisha kitanda chao kwa ajili ya mgeni. Keti, msiwe mnaangaliana kwa juu na chini, na uulize vitu vyenye saa: jana usiku ulikwenda chooni mara ngapi, nani alikushika mkono, mara ya mwisho kuoga ilikuwa lini, ukiita usiku hufika nani. Bila mwenyeji chumbani. Fedha za pensheni au za misaada, na nani humwekea dole gumba, uliza papo hapo. Kwa mzee aliyepoteza kumbukumbu, keti pembeni nusu saa uhesabu ni mara ngapi mtu amemsemesha kwa jina au kwa “shikamoo bibi”, na ni mara ngapi amesogezwa kama meza. Kabla hujatoka jaribu kitu kimoja zaidi: mwambie mhudumu afungue mlango wa nyuma wa bweni kwa haraka. Kama ufunguo wa kufuli uko kwa mlinzi getini, moto ukitokea hawatatoka.

Taarifa iandikwe kwa vitu, si kwa sifa. “Usafi wa wastani” haumsaidii yeyote. Andika: chumba cha 4, vitanda 6, godoro 2 zimeloa hadi ndani, choo cha wanawake hakina taa wala chuma, bibi mmoja ana kidonda kisigino cha kulia, upana wa sentimeta 3, hakijaandikwa popote. Mbele ya kila kimoja weka jina la cheo kinachohusika na tarehe. Balbu ni kesho. Chuma ni siku saba. Mhudumu wa pili wa usiku hataajiriwa na mfawidhi, kwa hiyo hoja hiyo iende kwa mwenye bajeti, na mfawidhi asihukumiwe kwa upungufu ambao ameuandikia barua mara tano. England, Care Quality Commission, chombo cha kusimamia ubora wa huduma za afya na matunzo, hukagua makao mara nyingi bila taarifa, huchapisha matokeo, na makao yenye daraja hulazimika kulibandika pahala pa wazi. Sisi tungeanza na karatasi moja mlangoni: tarehe ya ukaguzi, kasoro zilizokutwa, na siku mkaguzi atakayorudi. Akirudi, na aje tena saa 11 alfajiri, na aanze na choo cha wanawake kuona kama taa inawaka.