Msimjadili mgonjwa kana kwamba hayupo

Wiki mbili zilizopita nilisimama wodini kama ndugu wa mgonjwa, si kama daktari. Shangazi yangu alikuwa amelazwa, tumbo limejaa maji. Raundi ya madaktari ikafika kitandani kwake: daktari bingwa, mainteni wawili (madaktari walio kwenye mafunzo ya vitendo), wanafunzi tisa wa udaktari wa mwaka wa tatu. Hakuna aliyemwamkia. Faili likafunguliwa, Kiingereza kikaanza.

Bingwa akauliza visababishi. Wakataja ini, moyo, figo, TB, kansa. Katika yote yaliyosemwa, shangazi alidaka neno moja. Walipohamia kitanda cha pili akanivuta mkono: "Wamesema nina kansa?" Chakula cha mchana hakukigusa, cha jioni vilevile. Majibu yalitoka baada ya siku nne: TB ya tumbo, dawa za miezi sita. Siku nne nzima alilala na neno ambalo mwanafunzi alilitaja ili kukamilisha orodha!

Sisemi wanafunzi wasiingie wodini. Udaktari wangu niliupatia kitandani kwa wagonjwa. Unagonga tumbo kwa vidole: kwenye kitovu linalia kama ngoma, ubavuni mlio ni butu. Unamgeuza mgonjwa alale upande, unasubiri kidogo maji yatulie, unagonga palepale ubavuni, na sasa panalia ngoma. Hakuna slaidi inayoweza kukufundisha mkono huo. Lazima mtu akuazime tumbo lake, tena likiwa linamuuma. Halafu usimwambie hata unatafuta nini?

Najua utetezi. Mtihani ni wa Kiingereza, istilahi nyingi hazina Kiswahili kilichozoeleka, wanafunzi ni wengi na raundi ina haraka. Nakubali, kwa shingo upande. Basi orodha ya visababishi ijadiliwe kwenye chumba cha madaktari, mlango umefungwa. Kitandani yabaki yanayomhitaji mgonjwa mwenyewe: salamu, ruhusa, historia, vipimo vya mkono, na maelezo anayoyaelewa. Miaka ya 1890, daktari William Osler alipowaingiza wanafunzi wodini pale hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, alifundisha kwa Kiingereza katika mji unaozungumza Kiingereza. Sisi tumechukua raundi na lugha yake, tukaja kuisimamisha mbele ya mama wa Kiswahili.

Na pazia, jamani. Mtu akifunuliwa, vuteni pazia.

Jioni ile mmoja wa wale wanafunzi alirudi peke yake. "Shikamoo mama. Naomba nikupime tena, asubuhi sikusikia vizuri." Shangazi akapandisha khanga mwenyewe. Kijana akagonga, akamsaidia kugeuka, akagonga tena.

"Umesikia nini hapo?" shangazi akauliza.

"Maji, mama. Ulipogeuka yamehamia upande wa pili."

"Ndiyo maana nikilala huku nabanwa pumzi," akasema, na kijana akatoa kalamu akaandika.