Nani analala na bibi leo?

Tumsifu Yesu Kristo. Leo siandiki kwa upole, nawaambia mapema ili mwenye presha aishie hapa.

Jumapili iliyopita grupu la jumuiya yetu hapa Mwanga, Kigoma, liliamka mapema kuliko kengele ya misa ya kwanza. Bibi mmoja wa jumuiya, mjane, anayeanika dagaa kule mwaloni Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika, alikuwa amepasuliwa tumbo ijumaa na yuko wodini. Mwenyekiti akaweka tangazo, katibu akafungua orodha, na ile orodha mnaijua wenyewe, namba moja jina elfu kumi tiki ya kijani, namba mbili jina elfu tano tiki, namba tatu jina halafu "ahadi". Mpaka misa ya pili inatoka tulikuwa na 187,500, hiyo mia tano mpaka leo sijui ilitoka kwa nani. Mikono ya kusali ikamwagika, baba mmoja akatuma voisi ya maombi ya dakika nne nikaisikiliza huku nakaanga migebuka, mwenyekiti akafunga kikao na "kutoa ni moyo". Mimi nilikuwa namba tisa. Elfu tano, tiki. Nikaweka simu kwenye chaji nikijiona mtakatifu kabisa, bado picha tu ya kubandikwa ukutani.

Saa kumi nikaenda hospitali. Sio kwa ajili ya bibi, nisiwadanganye, wifi yangu alikuwa amejifungua nikawa nampelekea chai na chupi za mtoto. Napita wodi ya kina mama nasikia "we mwanangu", kugeuka namkuta bibi kakaa ukingoni mwa kitanda miguu inaning'inia, mkono mmoja kashika mshono mwingine kashika simu. Hakunisalimia. Sasa kwa mtu asiye wa huku hilo ni jambo dogo, lakini sisi Waha tunajuana, salamu ya mtu mzima ina kuinama na kupiga makofi taratibu na kuulizana habari za nyumba nzima, inataka muda na inataka mikono yote miwili. Yeye akaniambia tu, "Nishike nikajisaidie, nimejibana tangu saa sita."

Tangu saa sita! Na hela anazo kwenye simu.

Nikamshika. Choo kiko mwisho wa koridoo, mtu mzima huwa anakifikia kwa hatua thelathini hivi, sisi tulitumia karibu robo saa maana kila hatua tatu anasimama, anavuta pumzi, kucha zake zinaniingia begani. Ndala moja ilimvuka katikati ya njia, nikainama kumvalisha nikaona miguu yake imepauka ina magamba kama ya samaki kuhe, hajapakwa mafuta tangu aingie. Kanga aliyojifunga ilikuwa ileile ya ijumaa. Tulivyorudi nikachota maji kwenye beseni la jirani, nikamfuta mgongo, nikafua ile kanga kwa kipande cha sabuni ya mche nikaianika dirishani, na muda wote huo bibi ananisimulia kwamba amepigiwa simu na watu watatu wa jumuiya. Nikamuuliza wamesemaje. Akasema wameniuliza kama ule muamala umeingia.

Hakusema kwa kejeli, bibi hana kejeli, na hapo ndipo paliponiuma. Akaendelea, "Nimewaombea wote kwa majina, katibu alinisomea orodha." Kisha akaangalia mlango, akaniuliza polepole kama anaomba chumvi, "Na leo nani analala na mimi?"

Nilikosa jibu. Watu arobaini na mbili kwenye grupu, wengine dirishani kwao wanaiona hospitali, na mimi mmojawapo.

Hasira yangu iko hapa. Mchango siku hizi umekuwa namna nzuri ya kutokwenda. Tunatuma hela ili mguu usiende. Zamani mtu akiumwa ulikuwa unapika uji, unaubeba, unakaa, unaboreka, unasikia harufu ya wodi, unarudi nyumbani umechoka na kesho yake unapokezana na mwenzio. Sasa unabonyeza, unapiga skrinishoti, unatupia kwenye grupu, unapata tiki, kesi imeisha, na ukiulizwa mbinguni utaonyesha meseji ya muamala. Tena orodha yenyewe ina majina na kiasi, sijui lile neno la mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kuume tumelipeleka wapi, maana huku mkono wa kushoto ndio admini.

Na msiniletee Msamaria mwema, maana kila mara tukichangisha anatajwa zile dinari zake mbili. Nimekaa nikaisoma upya Luka sura ya kumi, taratibu, kama mtu anayetafuta kosa kwenye mkataba. Yule bwana alimkaribia kwanza, akamfunga majeraha, akamimina mafuta na divai, akampandisha kwenye mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni, akamtunza. Dinari zinatoka lini? Siku ya pili yake! Maana yake alilala na mgonjwa. Sisi tumeruka usiku mzima tukaenda moja kwa moja kwenye hela za asubuhi.

Haya, najua mtasema. Dawa hazilipwi kwa kushikana mikono, kweli, na bila ile 187,500 bibi angepata shida, nakubali ingawa nakubali kwa shingo upande. Na mtoto wake pekee yuko Dar, anauza duka la mtu, kutoka kule mpaka huku sio mwendo wa kuomba ruhusa ya jioni, huyo atume tu na Mungu ambariki. Simsemi yeye. Nawasema ninyi wa hatua mia tatu. Najisema na mimi.

Halafu kuna hili. Bibi alipolazwa dagaa wake walikuwa kwenye chanja, mzigo wa mwisho kabla mbalamwezi haijaingia, na jumamosi mvua ikaja. Kina mama wenzie wa mwaloni, wengi ni wa Ujiji, Waislamu, wakakimbia wakawakusanya wakawafunika, jua lilivyorudi wakawaanika tena wakawauza, hela wakamletea imefungwa kwenye pindo la kanga. Hakuna orodha. Nilivyomsimulia mama mmoja wa jumuiya akanijibu, "Sawa, ila kipindi cha mbalamwezi wavuvi hawatoki, wale wana nafasi." Sikumjibu maana nilikuwa nimeshika mwiko.

Nikikumbuka hizi jumuiya ndogo ndogo zilivyoanza nazidi kuchoka. Maaskofu wa Afrika Mashariki walilivalia njuga jambo hili miaka ya 1970, na wazo lilikuwa rahisi, majirani wachache wakutane nyumba kwa nyumba, wajuane kwa sura, mmoja akikosekana ajulikane. Ndiyo maana tunasali sebuleni kwa watu tunabanana kwenye mikeka. Sasa tunajuana kwa namba za mwisho za simu.

Na tena sisi wa ziwa hili hatuna pa kujificha. Wamisionari wa White Fathers wamefika Ujiji 1879, imani huku sio ya juzi. Pale Karema, kusini kwetu, aliishi Adrien Atiman, mtoto aliyetekwa utumwani huko Mali ya leo, akakombolewa, akasomeshwa udaktari Malta, akaletwa mwishoni mwa miaka ya 1880 kama katekista na daktari, akawatibu watu wa pale mpaka alipofariki 1956. Hakuwa padri, alikuwa mlei kama wewe na mimi, na mke. Piga hesabu ya usaha aliousafisha kwa miaka yote hiyo. Huwa nafikiria angekuwa kwenye grupu letu angeandika nini, nadhani asingekuwa na bando.

Basi jumapili ile usiku nikalala mimi, kwenye kanga chini ya kitanda, mbu wakanila vizuri. Saa tisa bibi akataka maji, saa kumi na moja tukaanza safari yetu ya chooni. Jumatatu asubuhi macho mekundu nikaandika kwenye grupu, sikuomba hata shilingi, nikaweka orodha yangu mwenyewe. Jumatatu usiku: ______. Jumanne usiku: ______. Kufua: ______. Uji wa asubuhi: ______. Tiki za bluu zikaingia moja moja, nikazihesabu mpaka thelathini na kitu. Kimya. Nusu saa nzima. Halafu yule baba wa voisi ya dakika nne akaandika "Amina".

Nilitaka kutoka kwenye grupu, wallahi nilishabonyeza hadi linaniuliza kama nina uhakika. Ndipo kijana mmoja wa kwaya, yule wa besi anayechelewaga mazoezi kila wiki, akauliza, "Mama, wanaume wodi ile si hawalali? Basi niandike kwenye uji, ila sijui kupika, nitanunua." Akafuata dada wa saluni, jumanne. Akafuata mke wa katibu, kufua. Orodha haijajaa mpaka leo, alhamisi bado ina mstari mtupu na sihitaji mtu anitumie elfu tano ya kuujaza.

Kwa hiyo alhamisi narudi mwenyewe. Nabeba neti, mafuta ya mgando, na beseni langu, maana la jirani keshatolewa wodini kaondoka nalo.